Amplifaya ya Baba: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika nyumba nyingi za watu wa rika langu, sebuleni kuna chombo kimoja ambacho mama wa nyumba hukipangusa vumbi kila Jumamosi lakini hana ruhusa ya kukihamisha. Ni amplifaya ya baba. Ina uso wa rangi ya fedha, vifundo vizito vya kuzungusha, pengine na sindano mbili zinazocheza nyuma ya kioo muziki unapolia. Pembeni yake zimesimama spika mbili kubwa kama makabati, na juu yake pana kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki.

Halafu siku moja inaanza kuguna. Au upande mmoja unanyamaza, au inawaka taa bila kutoa sauti. Baba anasema ni kitu kidogo tu, fundi ataiona. Watoto wanasema siku hizi kuna sabufa zenye rimoti na Bluetooth, ya nini kuhangaika na chuma hiki? Na mama, ambaye ndiye anayejua mfuko wa nyumba umebaki na nini baada ya ada, unga na luku, hana hakika aegemee upande gani. Akisema itupwe, ataonekana hana heshima na kitu cha mumewe. Akikubali itengenezwe, huenda fedha zikaenda kwa fundi mara tatu na chombo kikarudi vilevile.

Akina mama wenzangu, swali hili linajibika, ila halijibiki kwa hasira wala kwa kubahatisha. Na mama anayekijua chombo kilichomo nyumbani mwake huzungumza kwa sauti nyingine kabisa kuliko yule anayelalamika tu.

Kabla ya kuicheka

Tukumbuke kwanza ilivyopatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, sembuse vyombo vya muziki. Mwaka 1984 ndipo Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe, na madukani vitu vikaanza kuonekana tena. Kabla ya hapo amplifaya uliletewa na baharia, au na ndugu aliyetoka masomoni Ulaya, au ulijibana mpaka ukaipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Na televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar waliipata mwaka 1973, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka mingi furaha ya sebule, siku ya Krismasi, siku ya ubatizo, siku mgeni anapofika, ilitoka kwenye redio, santuri na kaseti kupitia chombo hicho hicho.

Nasema haya kwa sababu mwanamume anapoitetea amplifaya yake mara nyingi anatetea mshahara wake wa ujana. Hilo si jambo la kudharau.

Pia si uongo kwamba vitu vile vilitengenezwa vizuri. Sansui, kwa mfano, ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1947 kwa kutengeneza transfoma, na aliyewahi kuibeba amplifaya ya Sansui ya miaka ya 1970 kutoka chumba kimoja kwenda kingine anajua walizipenda transfoma zao. Pioneer ilianza mwaka 1938 kwa spika. Vyombo hivi vilifungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Kila kipande ndani yake kinaonekana kwa macho na kinaweza kutolewa na kuwekwa kingine. Sabufa nyingi za leo haziko hivyo, na ikiharibika fundi hubadilisha ubao mzima au hukushauri ukanunue nyingine.

Lakini jihadhari na majina. Sansui ile ya zamani haipo tena. Jina limebaki, na hubandikwa kwenye bidhaa zinazotengenezwa na watu wengine. Mama akiliona dukani asidhani ananunua ndugu wa ile iliyoko nyumbani.

Je, kweli ni amplifaya iliyoharibika?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chombo kinabebwa hadi kwa fundi kumbe ubovu uko kwenye waya wa spika ulioguguniwa na panya. Kazi ya kuchunguza haihitaji ufundi wowote, inahitaji utulivu na mtu asiye na haraka. Kwa kawaida mtu huyo ni mama.

Anza na vibonye. Amplifaya nyingi za zamani zina kibonye kilichoandikwa Tape Monitor. Kikiwa kimebonyezwa, chombo husikiliza kaseti tu. Kama hakuna kaseti inayocheza, kitakaa kimya hata ukiongeza sauti mpaka mwisho. Mtoto anayepita na kidole chake akikibonyeza, nyumba nzima itaamini amplifaya imekufa. Angalia pia kifundo cha Speakers, chenye A na B. Kikiwekwa kwenye B wakati spika zako zimefungwa kwenye A, hutasikia kitu. Nimeona baba mzima akiifungua mifuniko kwa bisibisi kwa ajili ya kibonye hiki.

Kama ni upande mmoja ulionyamaza, zima kila kitu, chomoa plagi ukutani, kisha nyuma ya amplifaya badilisha spika: waya za kushoto zipeleke kulia, na za kulia kushoto. Washa kwa sauti ndogo. Ikiwa spika ile ile iliyokuwa kimya bado iko kimya, basi mgonjwa ni spika au waya wake, na amplifaya ni nzima. Ikiwa ukimya umehamia spika nyingine, ubovu hauko kwenye spika. Rudisha waya zilivyokuwa, na sasa badilisha vile vichwa viwili vya kebo inayotoka kwenye deki au redio kuingia kwenye amplifaya, kile chekundu na kile cheupe. Ukimya ukihama, tatizo ni kebo au deki. Ukibaki palepale, sasa una haki ya kusema amplifaya ni mbovu.

Umetumia nusu saa, na tayari unajua jambo ambalo fundi asiye mwaminifu asingependa ulijue.

Sauti ya kukwaruza unapozungusha kifundo, au upande mmoja unaokuja na kutoweka ukikigusa, kwa kawaida ni uchafu na kutu ndani ya kifundo chenyewe. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na hiyo huharakisha. Kuna dawa ya kopo ya kupuliza, inayouzwa na wauza vipuri kwa ajili ya kusafishia sehemu za umeme. Fundi hupuliza ndani kidogo, anazungusha kifundo mara thelathini, kazi imekwisha. Usikubali petroli, wala mafuta ya taa. Na hii si sababu ya kununua amplifaya mpya hata kidogo.

Mguno ni habari nyingine. Ukisikika tu unapocheza santuri, tazama ule waya mwembamba wa santuri unaotakiwa kufungwa kwenye skrubu nyuma ya amplifaya, mara nyingi umechomoka. Lakini mguno unaotoka spika zote mbili, usiobadilika uongeze sauti au upunguze, na upo hata chombo kikiwa hakichezi chochote, huo unatoka ndani.

Ndani yake

Sikusudii mama afungue mfuniko. Naomba hasa asifungue, na asiruhusu kijana wa darasa la saba anayejidai fundi. Ndani kuna kapasita kubwa, mfano wa vikopo, ambazo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zinaweza kukurusha ukiwa umeamini chombo kimezimwa. Lakini ni vema ujue majina, ili fundi anapozungumza usikie kitu badala ya makelele.

Kapasita hizo kazi yake ni kuutuliza umeme uwe laini kabla ya kwenda kwenye sauti. Ndani yake mna maji maji ya kikemikali ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, na joto huongeza kasi. Mafundi wana kanuni yao kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi, maisha ya kapasita hupungua karibu nusu. Ndiyo maana amplifaya ya mwaka 1978 inaguna, nayo imekwisha kuwa bibi. Kapasita mpya zinapatikana, na fundi hodari huzibadilisha zote za sehemu hiyo kwa mara moja.

Na hapa, wapendwa, ninalo la kusema kuhusu vitambaa vyetu. Yale matundu yaliyo juu ya amplifaya si urembo, ni pua yake. Joto hutokea hapo. Tukikifunika kitambaa cha kufuma, tukaweka na albamu ya harusi juu yake, chombo kinajipika taratibu. Maua ya maji ndiyo mabaya zaidi. Kitambaa kizuri kina mahali pake kwenye kochi. Kwa amplifaya, weka kitambaa chepesi wakati imezimwa na imepoa, ili mende na vumbi visiingie, na ukiondoe kabla ya kuwasha.

Transista ndizo zinazosukuma sauti kwenda kwenye spika. Hizi huungua nyaya za spika zinapogusana, umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, au kijana anapofunga spika nne mahali palipokusudiwa mbili. Nyingi za Kijapani za miaka ile hazitengenezwi tena. Mbadala wake upo, lakini bandia zimejaa sokoni, zenye maandishi safi kuliko halisi, na zikiwekwa huungua usiku wa kwanza. Fundi akibadilisha moja na kuacha mwenzake wa upande huohuo bila kupima, jiandae kurudi.

Kuna amplifaya nyingine, hasa za miaka ya 1980 na zile za redio kubwa za kuunganishwa, ambazo kazi hiyo yote hufanywa na kipande kimoja kipana cheusi kilichoandikwa STK. Kikiungua hicho, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa aina nyingi zake zimeacha kutengenezwa na bandia ni nyingi mno. Chombo cha namna hiyo mimi singekipa fedha nyingi, isipokuwa fundi ana kipande halisi mkononi alichokitoa kwenye chombo kingine.

Kuhusu transfoma, ni mara chache kufa yenyewe. Huuawa. Japani wanatumia umeme wa volti 100, Marekani 120, sisi 230. Chombo kilicholetwa kutoka huko bila kubadilishwa, kikachomekwa moja kwa moja, kitatoa moshi. Vingi vya kuuzwa nje vina kichaguzi nyuma, chenye 110, 120, 220 na 240. Kiangalieni. Transfoma iliyoungua inaweza kusukwa upya na wale mafundi wanaowaindi mota, lakini hapo gharama imeshaanza kufanana na ya chombo kizima.

Namna ya kuzungumza na fundi

Kwa miaka mingi mafundi wetu wamelaumiwa kwa mambo ambayo sisi wenyewe tumeyasababisha. Tunapeleka chombo, tunasema "kiangalie tu", hatuulizi bei, tunaondoka, tunarudi baada ya miezi mitatu tukiwa na hasira. Naye katikati amekopa kipuri kutoka chombo chetu akaweka cha mteja aliyekuja na fedha mkononi. Haki si yake, lakini mlango tuliuacha wazi.

Mpe malipo ya kupima peke yake, kiasi kidogo mnachokubaliana, hata kama hatatengeneza. Kwa malipo hayo akueleze nini kimekufa, kwa sababu gani, vipuri ni bei gani na kazi yake ni bei gani, vikiwa mbalimbali. Mwambie unataka kurudishiwa vile vilivyotolewa. Fundi mwaminifu hana shida na hilo, na anayekasirika amekujibu tayari. Andika namba ya chombo iliyo nyuma, na piga picha ya ndani akiifungua mbele yako, siku hizi simu zipo. Afadhali fundi mzee mwenye meza moja chini ya ngazi huko Kariakoo, ambaye mita yake inafanya kazi na anakuuliza umeme wa nyumbani kwako ukoje, kuliko kijana mwenye duka la vioo ambaye jibu lake kwa kila kitu ni kwamba saketi imekufa.

Ipo alama moja ninayoipenda. Fundi anayejua kazi yake hachomeki amplifaya iliyoungua moja kwa moja ukutani baada ya kuitengeneza. Hufunga kwanza balbu ya zamani, ile ya waya ndani, katika njia ya umeme. Kama bado kuna hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu na chombo kinasalimika. Kama kazi ni nzuri, balbu huwaka kidogo kisha hufifia. Ukimwona na balbu yake, tulia.

Alama mbaya nazo zipo. Ya kwanza ni fyuzi iliyofungwa kwa uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba yako. Kumfunga mlinzi kamba ili asipige kelele ni kualika moto, tena ukiwa na watoto wamelala. Ya pili ni kuhusu ule mlio mdogo, ta!, unaousikia sekunde chache baada ya kuwasha baadhi ya amplifaya. Ni swichi ya kulinda spika inajifunga baada ya kuridhika kwamba mambo ni salama. Ikikataa kujifunga, ina sababu. Fundi atakayeiruka kwa kipande cha waya ili sauti itoke atakurudishia chombo kinacholia vizuri siku hiyo, na jioni moja spika zako zitanuka moshi.

Kuhesabu

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye budi aketi kwanza na kupiga hesabu. Mara nyingi tunausikia mfano huu siku ya michango ya jengo la kanisa. Unafaa pia hapa, kwa sababu matengenezo ya vyombo vya zamani ni mnara hasa: unaanza na elfu ishirini, halafu kuna elfu thelathini tena, na kuacha njiani kunauma kwa kuwa umeshatoa nyingi.

Kwa hiyo wekeni kikomo kabla ya kwenda, mkiwa wawili, na kiandikwe. Mimi napendelea nusu. Kama matengenezo yote kwa pamoja yanazidi nusu ya bei ya chombo kingine cha kufanya kazi ileile, simameni. Tuseme chombo cha kufaa ni shilingi 200,000. Fundi akisema 60,000 kwa kapasita na kusafisha, tengenezeni bila kusita, kwa kuwa mnapata chombo bora kuliko kile cha dukani. Akisema 150,000 na bado "tuone itakuwaje", jibu mnalo.

Lakini lazima kufananisha kuwe kwa haki. Kwenye boksi la sabufa utaona maandishi makubwa ya wati elfu na kitu, na herufi PMPO. Hizo ni wati za tangazo. Hakuna kanuni moja inayoongoza namna ya kuzihesabu. Tafuta maandishi madogo ya RMS, hapo ndipo ukweli ulipo. Amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka Uingereza mwaka 1978 na kupendwa mno, iliandikwa wati 20 tu kwa kila upande, na sebule haikuwahi kulalamika. Mara nyingi kitu chepesi cha wati elfu hakina hata hizo ishirini za kweli.

Upande wa pili nao una haki yake. Kama nyumbani hamna tena santuri wala deki, na mnachosikiliza ni mahubiri kwenye simu na taarifa ya habari, sabufa ndogo ya heshima inatosha, inakula umeme kidogo, haichukui ukuta mzima. Amplifaya ya zamani haikatai simu, kwani kebo ya bei ndogo yenye kichwa chembamba upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili huingizwa penye Aux, wala pasiwe Phono, maana sauti itapasuka. Lakini msiitengeneze kwa ajili ya mambo ambayo hamyafanyi tena. Na kama spika nazo zimeoza pembeni, ule mpira au sponji inayozunguka imebomoka, hesabuni na hizo pia. Wengi hutengeneza amplifaya kisha wakagundua hawana pa kuisikilizia.

Sauti iliyo kwenye kaseti

Kuna mama mmoja tunayesali naye, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya, na alikuwa na tabia ya kurekodi: mazoezi ya kwaya, mafundisho ya Jumatano, hata sala za nyumbani. Aliacha boksi la viatu limejaa kaseti na amplifaya iliyonyamaza mwaka mmoja baada ya mazishi. Mama huyu alikuwa amekwisha kutoa fedha kwa mafundi wawili. Kila alipoitazama alisema hawezi kuiacha ife, maana sauti ya baba imo humo.

Nilimuuliza kitu kimoja: sauti imo wapi hasa? Tukakaa kimya. Amplifaya haihifadhi neno hata moja. Sauti imo kwenye utepe wa kaseti, na utepe ule ndio ulio katika hatari. Kaseti iliyorekodiwa mwaka 1989 imeshapita miaka mingi kuliko iliyokusudiwa, na kwenye unyevu wetu huota ukungu. Ilikuwa kila mwezi wa kumsubiri fundi, kitu cha thamani kinazidi kuoza kwenye boksi huku fedha zikienda kwenye kitu kisichokuwa na thamani hiyo.

Alichohitaji kilikuwa deki nzima yenye mkanda mpya wa mpira ndani, kwani mikanda hiyo hulegea na kuyeyuka kwa uzee, na kijana mwenye kompyuta. Deki ina matundu ya kutolea sauti nyuma yake. Kebo hutoka hapo kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, amplifaya haihusiki. Kila kaseti ilisongeshwa mpaka mwisho na kurudishwa kabla ya kuchezwa, ili isishikane. Mbili zilikatika zikaungwa. Moja ilikuwa imefutwa na mtu akarekodi mpira. Zilizobaki sasa ziko kwenye flashi tatu, kila mtoto na yake, ili moja ikipotea zisipotee zote.

Baada ya hapo aliweza kuitazama amplifaya kama chombo. Transfoma ilikuwa imeungua. Aliiuza kwa fundi kwa ajili ya vipuri, pamoja na spika, na fedha zikaenda kwenye mabati ya jikoni yaliyokuwa yanavuja. Binti yake mkubwa alinuna wiki nzima. Alisema mama ameuza vitu vya baba. Akamjibu, "Baba yako yuko kwenye flashi uliyonayo mkobani. Kile kilikuwa chuma." Sijui kama ningeweza kusema hivyo mimi, lakini yeye alisema.

Kwa mumeo

Ambaye mwenzi wake yu hai, shukrani kwa Mungu, ana kazi tofauti kidogo. Usimzungumzie habari hii akiwa na wageni, wala watoto wakisikia wakimcheka. Usiitoe wakati amesafiri. Najua wako waliofanya hivyo, wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni, kwa kilo. Chombo ambacho huenda mtu angekinunua kwa bei nzuri kikaenda kwa bei ya sufuria bovu, na ndani ya nyumba likabaki jambo linalotajwa kila mnapokosana kwa habari nyingine yoyote.

Mwambie ulichokipima: "Baba watoto, nimebadilisha spika na kebo, ubovu uko kwenye amplifaya, upande wa kushoto." Atashangaa, na atakusikiliza. Kisha mkubaliane kikomo, na mwezi. Kama Januari ni ya ada, amplifaya isubiri Machi, haitaoza kwa kukaa miezi miwili. Kama yeye ndiye anayelipa kutoka fedha yake ya kahawa na magazeti, usimhesabie kila senti. Mwanamume asiyekunywa wala kutanga, ambaye starehe yake ni kusikiliza kwaya jioni kwenye kochi lake, ni bei nafuu.

Ikitengenezwa, ipelekeni nyumbani mkiwa mmeisikia ikilia kwa fundi si chini ya saa moja, pande zote mbili. Chomoeni plagi umeme unapokatika, na msichomeke mpaka dakika chache baada ya kurudi. Iacheni mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Na isipotengenezeka, mpeni fundi aitoe vipuri, au muuzie. Msiivunje nyuma ya nyumba na msiwaachie watoto waichezee, kwa kuwa risasi iliyochomelewa ndani yake ni sumu, na kioo cha taa zake hukata. Spika kama bado ni nzima, ulizeni kwanza katika kikundi cha vijana kanisani. Mara nyingi wao wana amplifaya na hawana spika.